Eliud Mathu: Mwafrika wa kwanza kuketi katika Legco

MNAMO Oktoba 1944 mwalimu mmoja kutoka Dagoretti aliingia katika ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi, akala kiapo na kuketi miongoni mwa walowezi, maafisa wa serikali ya kikoloni na wawakilishi wa Wahindi na Waarabu. Jina lake lilikuwa Eliud Wambu Mathu. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kuketi hapo kabla yake, ingawa baraza hilo lilikuwa limetunga sheria za kuwatawala Waafrika kwa miaka 37.

Siku hiyo iliwapa wengi matumaini, lakini pia ilizua swali ambalo lingemwandama Mathu kwa miaka 13 iliyofuata. Wazungu waliokuwa kando yake walikuwa wamechaguliwa kwa kura. Wahindi nao walikuwa wamechaguliwa. Yeye aliwekwa pale na Gavana. Je, mtu aliyeteuliwa na mtawala angewezaje kuwa sauti ya wanaotawaliwa?

Maisha ya Mathu ni jibu refu la swali hilo.

Asiyekuwepo na lake halipo

Ili kuelewa uzito wa kiti alichopewa, ni muhimu kujua baraza lenyewe lilivyokuwa.

Baraza la Kutunga Sheria, maarufu Legco, lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1907. Wajumbe wake wote wakati huo walikuwa wateule wa serikali, na wote walikuwa Wazungu. Miaka michache baadaye mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliteuliwa na kuwa Mwasia wa kwanza kuketi humo.

Walowezi hawakuridhika kuteuliwa. Walidai haki ya kupiga kura, na mwaka wa 1920, mwaka ule ule ambao nchi iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya, waliwachagua wajumbe wao 11. Baada ya mvutano mkali, Wahindi walitengewa viti vitano vya kuchaguliwa. Waarabu wa Pwani walipata mjumbe mmoja wa kuchaguliwa na mwingine wa kuteuliwa.

Mwafrika, ambaye ndiye aliyekuwa wengi na mwenye nchi, hakupata kiti hata kimoja. Serikali ilishikilia kwamba hajawa tayari kujisemea. Kuanzia mwaka wa 1924 ilimteua mmishenari wa Kanisa la Scotland, Dkt John Arthur wa misheni ya Thogoto, kusema kwa niaba yake. Wazungu wengine, wengi wao wakiwa watu wa dini, walifuata katika wadhifa huo.

Wapo kati yao waliokuwa na nia njema. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Sheria za ardhi, kodi na kazi zilipitishwa, na aliyetakiwa kuzitii hakuwa ukumbini kueleza zingemuumiza vipi.

Kijana wa Riruta

Mathu alizaliwa Riruta, viungani mwa Nairobi ya leo, takriban mwaka wa 1910. Eneo hilo wakati huo lilikuwa mpaka wa dunia mbili: upande mmoja mashamba ya Wakikuyu, upande wa pili mji mpya wa reli na mashamba ya walowezi yaliyozidi kupanuka.

Alipata masomo ya mwanzo kwa wamishenari wa Scotland huko Thogoto. Mwaka wa 1926, makanisa ya Kiprotestanti yalipofungua Shule ya Upili ya Alliance katika eneo hilo la Kikuyu, Mathu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Shule hiyo baadaye ingetoa mawaziri, majaji na wasomi wengi, lakini wakati huo ilikuwa majengo machache na vijana wachache.

Baada ya kuhitimu alifundisha, kisha akasafiri hadi Afrika Kusini kujiunga na Chuo cha Fort Hare, ambacho kilikuwa kitovu cha elimu ya juu kwa Waafrika wa kusini mwa bara hili. Alirejea nyumbani kufundisha tena.

Mapema katika safari yake ya ualimu, yeye na James Gichuru walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha walimu Waafrika. Huko ndiko alikoanza kujifunza kazi ya kuwasemea wengine mbele ya wakubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Uingereza, akasoma Exeter na baadaye katika Chuo cha Balliol, Oxford. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimezuka aliporejea Kenya mwaka wa 1940. Wakati huo Waafrika wa Kenya waliokuwa na elimu ya kiwang'o hicho walihesabika kwa vidole.

Alirudi kufundisha Alliance, ambako Mwingereza Carey Francis alikuwa amechukua usukani wa shule. Hakudumu. Mwalimu Mwafrika, hata awe amesoma Oxford, hakulipwa wala kuthaminiwa sawa na Mzungu. Mathu aliondoka, akaenda kuongoza shule ya Waafrika wenyewe huko Waithaka, Dagoretti, miongoni mwa zile zilizoanzishwa na Wakikuyu waliojitenga na wamishenari.

Hatua hiyo ilimjengea imani kwa watu wa kawaida. Walimwona kuwa msomi ambaye hakuwapa kisogo wenzake.

Kiti kimoja kwa mamilioni

Kufikia mwaka wa 1944 maelfu ya Waafrika wa Kenya walikuwa wakipigana vitani chini ya bendera ya Uingereza, wengine mbali kama Burma. Ilizidi kuwa vigumu kwa serikali kueleza ni kwa nini watu hao hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika baraza la nchi yao. Ndipo Gavana Henry Moore alipomteua Mathu.

Aliketi pamoja na kasisi Leonard Beecher, Mzungu aliyekuwa ameteuliwa kabla yake kuangalia maslahi ya Waafrika. Hivyo basi, Wazungu waliochaguliwa walikuwa 11, na Waafrika walikuwa na mtu wao mmoja. Sensa iliyofanywa miaka minne baadaye, mwaka wa 1948, ilionyesha tofauti ilivyokuwa: Waafrika walizidi milioni tano, ilhali Wazungu hawakufika 30,000.

Mathu alijua kidole kimoja hakivunji chawa. Siku zile zile alipoteuliwa, Waafrika kutoka jamii mbalimbali walikutana Nairobi na kuunda chama cha kumpa nguvu na ushauri. Chama hicho kilikuwa Kenya African Union, KAU. Harry Thuku alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza na Francis Khamisi katibu.

Serikali iliingiwa na wasiwasi na kutaka jina lipunguzwe makali. Kwa muda kiliitwa chama cha kutafiti mambo ya Waafrika. Neno hilo la utafiti liliondolewa mwaka wa 1946. Gichuru, rafiki wa Mathu wa tangu enzi za ualimu, alikiongoza baada ya Thuku, kisha Juni 1947 akampisha Jomo Kenyatta aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza.

Kwa njia hiyo, kiti cha kuteuliwa kilizaa chama cha kwanza cha Waafrika kilicholenga nchi nzima. Hili ni jambo ambalo huenda Gavana hakulitarajia.

Vita dhidi ya kipande

Suala lililomtambulisha Mathu kwa wananchi lilikuwa kipande. Tangu mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka 16 alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara aliolipwa. Kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Aliyetoroka kazi alisakwa kwa kipande hicho. Aliyekutwa bila nacho alishtakiwa. Hakuna Mzungu wala Mhindi aliyelazimishwa kukibeba.

Mathu aliishikilia hoja hiyo barazani kwa ukaidi wa mwalimu anayerudia somo mpaka lieleweke. Alishikilia kwamba ikiwa serikali inataka kuwaandikisha watu, basi iwaandikishe wote bila kujali rangi. Mwaka wa 1947 sheria mpya ilipitishwa ya kusajili watu wa jamii zote.

Walowezi walipandwa na hasira. Kutiwa wino vidoleni kama Mwafrika kulikuwa, machoni pao, tusi kubwa. Malalamiko yao yaliifanya serikali kulegeza masharti, ili waliojua kusoma na kuandika wapate njia ya kukwepa alama za vidole. Hata hivyo kile kikopo cha shingoni kilikuwa kimeondoka.

Ardhi lilikuwa suala lake jingine. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimetengewa Wazungu pekee, huku maeneo ya Waafrika yakifurika watu. Mathu alilirejelea jambo hilo mara kwa mara, akijua kwamba katika baraza ambalo maafisa wa serikali ndio waliokuwa wengi, hoja yake ingeshindwa kura ikipigwa. Alichoweza ni kuhakikisha imesemwa na imeandikwa katika kumbukumbu rasmi.

Kiwanja cha Maskini

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Bandari ilinyamaza, reli ikasimama, na hoteli pamoja na nyumba za matajiri zikakosa watumishi. Wagomaji wapatao 15,000 walidai mishahara ya kuwawezesha kuishi katika mji ambao gharama zake zilikuwa zimepanda kupita kiasi wakati wa vita. Kila siku walikusanyika katika uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini.

Serikali ilipokwama ilimtafuta Mathu. Alisafiri hadi Mombasa, akasimama mbele ya umati huo na kuwaomba warejee kazini, kwa ahadi kwamba jopo maalumu lingeundwa kusikiliza malalamiko yao. Walimsikiliza. Mgomo ulimalizika baada ya siku 12 hivi, na jopo lililoundwa liliwapa wafanyakazi nyongeza.

Tukio hilo lilionyesha nguvu ya mtu anayeaminika pande zote mbili. Lilionyesha pia hatari yake. Mwezi Agosti mwaka huo huo, kiongozi wa wafanyakazi hao, Chege Kibachia, alikamatwa na kuhamishiwa Baringo, ambako aliwekwa kwa miaka mingi. Mathu aliendelea kuketi barazani. Kwa vijana wa mijini waliokuwa wakipoteza subira, tofauti hiyo haikusahaulika.

Viti vyaongezeka, subira yapungua

Mnamo 1947 Beecher aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na mwalimu kutoka Nyanza, Benaiah Apolo Ohanga. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa vikawa vinne: Mathu na Ohanga waliungana na James Jeremiah wa Pwani na John ole Tameno. Kwa mara ya kwanza wajumbe wasio maafisa wa serikali walikuwa wengi barazani, 22 dhidi ya 16.

Lakini Wazungu wa kuchaguliwa bado walikuwa 11. Waafrika wanne wote walibaki kuwa wateule. Majina yao yalipendekezwa na mabaraza ya wenyeji, na neno la mwisho likabaki kwa Gavana.

Mwezi Mei 1951 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, James Griffiths, alizuru Kenya. KAU ilimkabidhi maombi, ikitaka Waafrika wapewe viti 12 vya kuchaguliwa. Walichopata ni viti sita vya kuteuliwa. Wazungu waliongezewa wakawa na viti 14.

Kwa wengi huo ulikuwa ushahidi kwamba njia ya maombi na hotuba ilikuwa imefika mwisho. Huko mashambani na katika mitaa ya Nairobi viapo vya siri vilikuwa vikienea.

Katikati ya moto

Mwaka wa 1952 Mathu aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza Kuu la Gavana, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Alikuwa amepanda ngazi ya juu zaidi ambayo mtu wa rangi yake angeweza kuifikia chini ya ukoloni. Mwaka huo huo nchi ililipuka.

Agosti 24, 1952 alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano mkubwa mjini Kiambu, ambapo Kenyatta, Harry Thuku na Chifu Mkuu Waruhiu pia walizungumza, na Mau Mau ikashutumiwa hadharani. Wiki sita baadaye, Oktoba 7, Waruhiu aliuawa kwa kupigwa risasi. Oktoba 20 hali ya hatari ilitangazwa, na usiku huo Kenyatta na viongozi wengine wa KAU wakakamatwa.

Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba huko Kapenguria. Juni mwaka huo KAU, chama kilichozaliwa ili kumpa Mathu nguvu, kilipigwa marufuku.

Hapo ndipo Mathu alipojikuta njia panda. Watu wake walikuwa wakitiwa kambini kwa maelfu, wakichomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo. Wapiganaji wa msituni waliwaona Waafrika waliofanya kazi na serikali kuwa wasaliti. Walowezi nao walimshuku kila Mkikuyu msomi kuwa Mau Mau wa chini kwa chini.

Alichagua kubaki barazani. Aliilaani Mau Mau, lakini pia alipinga adhabu za jumla zilizowaangukia watu wa kijiji kizima kwa kosa la wachache. Kwa kufanya hivyo hakumridhisha mtu yeyote kikamilifu. Fahali wawili walipokuwa wakipigana, yeye alisimama penye nyasi.

Kura yamwangusha

Baada ya kupinga kwa miongo mingi, serikali ya kikoloni hatimaye ilikubali kwamba Waafrika wapige kura. Uchaguzi ulifanyika Machi 1957 kwa viti vinane. Haikuwa kura ya kila mtu: elimu, mapato, mali na utumishi vilizingatiwa, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu.

Katika Mkoa wa Kati masharti yalikuwa makali zaidi. Aliyetaka kupiga kura ilimbidi athibitishe kwamba alikuwa mwaminifu kwa serikali wakati wa hali ya hatari. Wakikuyu wengi walifungiwa nje, wengi wao wakiwa bado kizuizini. Wameru wakawa ndio wengi katika orodha ya wapigakura.

Mathu aliwania kiti hicho. Aliyeibuka mshindi alikuwa mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate.

Sehemu nyingine za nchi pia zilileta sura mpya. Tom Mboya alishinda Nairobi, Oginga Odinga Nyanza ya Kati, Ronald Ngala Pwani na Masinde Muliro Nyanza Kaskazini. Ohanga, ambaye mwaka wa 1954 alikuwa amekuwa waziri wa kwanza Mwafrika, alibwagwa na Odinga. Daniel arap Moi, aliyekuwa ameteuliwa mwaka wa 1955, alihifadhi kiti chake cha Bonde la Ufa.

Ilikuwa kinaya chungu. Mtu aliyedai kwa miaka 13 kwamba Waafrika waruhusiwe kuchagua, ndiye aliyeangushwa walipochagua kwa mara ya kwanza. Na wengi wa wale aliowasemea zaidi hawakuruhusiwa kufika penye sanduku la kura.

Wale wanane waliochaguliwa walikataa mara moja nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika vya kuchaguliwa vilikuwa 14. Enzi ya maombi ya upole ilikuwa imekwisha.

Ikulu ya Kenyatta

Mathu hakurejea katika siasa za kura. Alifanya kazi na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika, yenye makao Addis Ababa, Ethiopia.

Kenya ilipojipatia uhuru Desemba 1963, Kenyatta, aliyefungwa wakati Mathu alipokuwa akiketi kando ya Gavana, ndiye aliyekuwa kiongozi wa nchi. Wengi wangetarajia amsahau. Badala yake alimwita nyumbani. Kwa miaka mingi Mathu alikuwa katibu wa faragha wa Rais na msimamizi wa Ikulu.

Jumba hilo ndilo lililokuwa makao ya magavana waliomteua na kumsikiliza kwa shingo upande. Sasa alikuwa akiliendesha kwa niaba ya Mwafrika aliyechaguliwa na Waafrika.

Alifariki mwaka wa 1993. Kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru kilimfahamu kidogo, kwa maana historia huwakumbuka zaidi waliofungwa na waliopigana kuliko waliosimama kutoa hoja.

Deni la mteule

Wapo wanaomwona Mathu kuwa mtu aliyetumiwa na wakoloni kupamba baraza lao. Wapo wanaomwona kuwa aliyefungua mlango. Ukweli ni kwamba mlango ulifunguliwa kidogo sana, na yeye akaweka mguu ili usifungwe tena.

Kutoka kiti kimoja mwaka wa 1944, Waafrika walifikia vinne mwaka wa 1948, sita mwaka wa 1952 na vinane vya kuchaguliwa mwaka wa 1957. Miaka sita baadaye nchi ilikuwa huru. Hakuna anayeweza kudai kwamba hotuba pekee ndizo zilizoleta hayo. Damu iliyomwagika msituni ilisema kwa sauti kubwa zaidi. Lakini kila hatua ilianzia pale alipokuwa ameketi mwalimu huyo.

Hata chini ya Katiba ya 2010 Kenya imebaki na bunge la watu waliochaguliwa na walioteuliwa: Bunge la Taifa lina nafasi 12 za uteuzi, na Seneti pia ina wateule wake. Kila baada ya uchaguzi mkuu huulizwa kama mbunge mteule anawajibika kwa wananchi au kwa chama kilichompa nafasi.

Mathu aliulizwa swali hilo kabla ya wote. Aliyempa kiti alikuwa Gavana, lakini kipande alichokipinga kilikuwa shingoni mwa watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanamtaka. Mteule akikumbuka ni shingo ya nani inayoumia, amelipa sehemu kubwa ya deni lake.